Mchanga Moto, Ishaka

Desemba ishirini na tatu hosteli inabaki mifupa.
Wenyeji wameshajaza mabasi, na kuku waliofungwa miguu,
wamekwenda Kanungu, Rukungiri, makwao.
Tumebaki sisi ambao kwetu ni mpaka na nauli:
Nyandeng wa Juba, chumba namba saba,
Hodan wa Baidoa, anayesoma hata chuo kikifungwa,
Paluku wa Butembo na redio yake isiyonyamaza,
na mimi wa Kasulu, niliyejiambia
Krismasi bila mama ni Jumatano tu.

Bi Kyomuhangi akagonga milango kwa mwiko.
Kiswahili chake alikiokota kambini, Mbarara,
kwa marehemu mumewe, sajenti,
kwa hiyo hata ukarimu wake hutoka kama amri:
“Nyinyi! Amka! Osha mikono! Leta hapa!”

Oveni hana.
Ana sufuria kubwa, ile inayoazimwa misibani,
mchanga aliouosha mara tatu akauanika juu ya gunia,
na sigiri moja. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko,
na katikati keki inakaa
kama mtoto mwenye homa kati ya bibi wawili.

Ndizi ni zile fupi, kabaragara,
zimeiva hadi nyuki wanazijua kwa jina.
Nami na kalamu yangu: “Unga kiasi gani, Bi?”
“Mpaka itoshe.”
“Na sukari?”
“Kama kuna wageni, ongeza.”
Nikafunga daftari.

Hodan, ambaye sikukuu hii si yake,
akaingia chumbani, akatoka na iliki
ndani ya karatasi yenye vipimo vya dawa ya malaria.
“Mama hutia hii siku ya Idi.”
Bi akanusa, akapiga chafya, akanusa tena.
“Tia.”

Paluku alipewa makaa. Akapuliza mpaka nyusi zikawa za mzee.
“Kwetu mkate hausubiri sikukuu,” akasema,
“unasubiri barabara ifunguke.”
Hakuna aliyemjibu. Redio ilijibu, kwa matangazo ya mabati.

Nyandeng akaomba unga uliobaki.
Akafinyanga kaak, vidonge vidonge,
akavichora kwa uma, mistari minne minne.
Sukari ya unga haikuwepo dukani;
tukatwanga ya kawaida kwenye kinu cha karanga,
na ndiyo maana theluji yetu ilinukia karanga.
(Theluji! Kati yetu nani aliwahi kuiona?)

Kisha kungoja.
Bi akakaa juu ya debe, kisu mapajani.
Akasema, si kwetu hasa, kwa sufuria:
“Kansiime wangu yuko Sharja. Mwaka wa tatu.
Anakanda mkate wa watu. Usiku anatuma sauti,
anasema, mama, jikoni kwao kuna oveni nne.”
Akageuza kaa moja kwa vidole, bila koleo.
“Pengine kuna mtu huko anampa kipande.”
Hapo nikaelewa ule mwiko mlangoni.

Keki ilitoka imeinama upande mmoja,
chini nyeusi kama soli.
Bi akaikwangua, akaikata vipande saba.
Sisi tulikuwa watano.
Kimoja alikifunga kwenye jani la mgomba,
akakiweka juu ya kabati, hakusema cha nani.
Cha pili tukakigombania bila aibu.

Nyandeng akapiga simu ya video, Juba.
Mtandao ukakwama, ukarudi, ukakwama
na uso wa mama yake mdomo wazi.
Akainua kidonge kimoja cha kaak karibu na kamera,
mkono wake ukitetemeka kidogo.
Sauti ikafika kabla ya picha. Nyandeng akatutafsiria:
“Anauliza, mbona nene hivi?
Anauliza, huyo anayecheka nyuma yako ni nani?”

Alikuwa Bi Kyomuhangi, mdomo umejaa,
makombo ya iliki kwenye ushungi wa Hodan
aliouazima kujifutia jasho.